Kitanda cha Juu: Mwaka Wangu wa Kwanza Mlimani Nikitokea Ujiji

Nilipomaliza kidato cha sita katika shule moja ya bweni mkoani Tabora, niliamini kwamba hakuna jambo la bweni ambalo ningehitaji kufundishwa tena. Kwa miaka miwili nilikuwa nimelala katika chumba cha wasichana zaidi ya arobaini, nimepanga ndoo kwenye foleni ya maji kabla ya alfajiri, na nimejifunza kuficha sabuni mahali ambapo hata mimi mwenyewe nilipata tabu kupakumbuka. Kwa hiyo, mwaka 2022, jina langu lilipotoka miongoni mwa waliochaguliwa kusomea ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, watu wa nyumbani Ujiji, mkoani Kigoma, waliliogopa jiji, lakini mimi hosteli haikunitisha hata kidogo. Nilikosea, ingawa si kwa namna waliyoitarajia wao.

Nyumbani kwetu chuo hicho kilitajwa kwa heshima ya pekee. Mjomba alikuwa amehifadhi noti ya shilingi 500, ile yenye picha ya Ukumbi wa Nkrumah upande wa nyuma, na kila alipokuja mgeni aliitoa katikati ya kurasa za daftari lake na kumwonyesha mahali anapokwenda mtoto wao. Historia aliijua kuliko mimi: kwamba chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria tu, kwamba kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kwamba kilikuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza. Swali ambalo hakulijibu, kwa kuwa hata mimi sikufikiri kumuuliza, ni nitalala wapi.

Aliyeniuliza alikuwa dada mmoja wa Kasulu, aliyekuwa mwaka wa tatu huko huko na ambaye shangazi alinipa namba yake. Nilipomwamkia tu, aliniuliza kama nimekwisha kuomba chumba. Nikamjibu kwamba nimechaguliwa tayari. Akacheka kwa muda mrefu, kisha akanieleza taratibu kwamba kudahiliwa ni jambo moja na kupata kitanda ni jambo lingine kabisa; kwamba vitanda ni vichache kuliko wanafunzi; na kwamba mtu huomba chumba kwa mtandao, akipangiwa hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na busara ni kulipa siku hiyo hiyo. Jioni ile nilipanda bajaji hadi Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini, nikaingia kwenye steshenari iliyokuwa karibu kufunga, na nikajaza maombi huku kijana mwenye duka akitazama saa yake. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi, ambaye naye alikuwa amechaguliwa, nilimpigia simu usiku ule ule nikamhimiza. Alisema atashughulikia akifika. Neno hilo tulikuja kulilipia sote wawili, na nitalirudia.

Kuhusu aina za makazi, dada wa Kasulu alinipa maelezo ambayo bado nawapa wengine. Yapo mabweni ya zamani yanayoitwa kwa namba, yaliyomo ndani ya eneo la Mlimani. Ipo hosteli ya Mabibo, ambayo iko nje, na mkazi wake hana budi kuipanga asubuhi yake kwa kufuata usafiri. Kisha zipo hosteli zinazoitwa kwa jina la Rais Magufuli, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Huko ndiko nilikopangiwa mimi. Ukigawa hesabu hiyo utapata watu 192 kwa kila jengo, nami, niliyejiona mzoefu wa bweni la watu arobaini, nilianza kuhisi uzoefu wangu ukipungua kabla sijafunga mizigo.

Mizigo yenyewe ni habari ya aibu. Mama alinunua tranka la bati, akaweka shuka, blanketi zito, dagaa wa kukaanga kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, na dumu la lita tano la mawese, kwa maelezo kwamba mafuta ya mjini hayana ladha. Nilijaribu kumwambia kwamba chumbani hatutaruhusiwa kupika. Alinitazama kama mtu aliyeanza kukataa kwao kabla hata treni haijapiga honi. Tukasafiri siku mbili juu ya reli ile ile iliyofika Kigoma mwaka 1914, mimi nikiwa daraja la pili kukaa, tranka likiwa chini ya mizigo ya watu wengine. Kifuniko cha dumu nilikuwa nimekifunga mwenyewe, na nilikifunga vibaya. Nilipofungua tranka Dar es Salaam, shuka zote mbili zilikuwa na rangi ya chungwa na blanketi lilikuwa limekunywa karibu lita mbili. Vyeti na barua ya udahili vilisalimika kwa sababu mama alinilazimisha kuvivaa begani safari nzima, hata nilipokwenda chooni. Blanketi, kwa kweli, halikuwa na kazi yoyote katika joto la Dar es Salaam. Ambacho ningekihitaji ni shuka ya tatu, chandarua na feni ndogo.

Kabla ya kusaini kwamba nimepokea chumba, nilikagua kitanda, kabati, swichi na kitasa, kisha nikapiga picha kila kona kwa simu. Lilikuwa agizo la dada wa Kasulu, aliyeniambia kwamba siku ya kurudisha funguo hakuna anayekumbuka kilichokuwa kimevunjika tangu mwanzo. Tulikuwa wanne: mmoja wa Moshi, mmoja wa Pemba, mmoja wa Temeke, na mimi. Nilifika wa mwisho kwa sababu ya treni, hivyo kitanda kilichobaki kilikuwa cha juu, karibu na dirisha. Kwa wiki nzima waliniita Mama Mawese, bila ubaya, kwa kuwa harufu ilitangulia kujitambulisha.

Hapo ndipo nilipogundua tofauti ya hosteli na bweni. Shuleni kengele ndiyo iliyokuwa mlezi wetu: ilituamsha, ikatulisha, ikatuzimia taa, na tulipogombana tulikuwa tukigombana ndani ya ratiba ambayo hakuna kati yetu aliyeipanga. Mlimani hakuna kengele. Mwenzetu wa Moshi aliamka saa kumi usiku kusoma na kuwasha taa ya juu, iliyokuwa shubiri moja kutoka usoni pangu. Wa Temeke alizungumza na simu hadi saa saba usiku kwa sauti ya chini ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa ikisikika vizuri kuliko sauti ya kawaida. Wa Pemba alikuwa mtu wa taratibu zake, kila kitu chake kikiwa mahali pake, na aliumia kimya kimya alipokuta kikombe chake kimetumika. Nami nilikuwa nikila dagaa chumbani, nikidhani ni harufu nzuri.

Tuliendelea hivyo wiki mbili, kila mmoja akinung'unika na watu wa nje ya chumba. Wiki ya tatu, Jumapili mchana, mwenzetu wa Pemba alitukalisha kwenye kitanda chake cha chini, akamimina chai kutoka chupa yake, na akasema kwamba yeye hawezi kuishi na watu mwaka mzima bila kujua wanachotaka. Tulikubaliana mambo machache, na kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri niliyaandika nikayabandika nyuma ya mlango: taa kuu izimwe saa tano usiku, anayetaka kusoma zaidi atumie taa ya mezani au aende maktaba kungali mapema, maana maktaba kubwa mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ilikuwa na nafasi na utulivu tusioweza kuutengeneza chumbani, simu ndefu ziende kwenye korido, chakula chenye harufu kiliwe nje, na mgeni atangazwe kabla hajaja. Dagaa wangu walihamia kwenye benchi la chini ya mti, ambako, ajabu, walipata wateja wengi kuliko walivyowahi kupata chumbani.

Hilo la mgeni nililiandika kwa mkono wangu na nilikuwa wa kwanza kulivunja. Rafiki yangu wa Ujiji alikuwa amefika na hakuwa na chumba. Wanafunzi wana neno lao, kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake asiye nacho, na neno hilo halimo katika barua yoyote ya udahili. Alinipigia simu saa mbili usiku akiwa getini na begi lake. Kabla sijamjibu, simu ya mama ikaingia kutoka Kigoma; mama yake na mama yangu wako kikoba kimoja cha kuweka na kukopa, na habari ilikuwa imekwisha kufika.

“Mtoto wa jirani halali nje wewe ukiwa na kitanda,” alisema.

“Mama, kitanda chenyewe ni cha futi mbili na nusu.”

“Kwa bibi yenu mlikuwa mnalala watatu kwenye mkeka mmoja. Haya, mpokee mwenzio.”

Nikampokea. Alikaa usiku kumi na moja, mimi nikilala upande wa dirisha bila kugeuka, yeye akilala upande wa hewani akishikilia ubao. Usiku wa nne mwenzetu wa Moshi aliacha kuniitikia salamu. Usiku wa saba wa Pemba aliniita nje, akaniambia maneno ambayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya haki: “Dada, mgeni wako hatumkatai. Hukutuuliza.” Zaidi ya hayo, kanuni nilizozisaini zilitambua mkazi mmoja kwa kitanda kimoja, na ningeweza kukipoteza kitanda nilichokikimbilia hadi Mwanga usiku.

Niliwaomba radhi wote watatu kwa pamoja, rafiki yangu akiwepo, na tukaweka mwisho: Jumapili iliyofuata. Jumamosi mbili tulizunguka Changanyikeni na Msewe, mitaa ya jirani na chuo, kwa miguu, tukiuliza madukani na kwa mama ntilie, ambao wanajua vyumba vilivyo wazi kuliko madalali. Tulipata chumba cha shilingi 70,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, yaani 420,000. Tulimpata mwanafunzi wa Bukoba aliyekuwa akitafuta pia, wakagawana, na sehemu ya rafiki yangu, shilingi 210,000, ilitoka kwenye kile kile kikoba cha Ujiji kama mkopo. Akihesabu leo anasema kwamba simu moja aliyoipuuza ilimgharimu kodi ya nusu mwaka. Mimi nisingemwambia mtu yeyote asimbebe mwenzake; ningemwambia awaulize wenye chumba kwanza, na aitaje siku ya mwisho usiku ule ule wa kwanza, kwa kuwa ukichelewa kuitaja siku hiyo, kila usiku unaifanya iwe ngumu zaidi.

Fedha sitaieleza kwa kirefu. Posho ya chakula na malazi ya wenye mkopo, tunayoiita bumu, huhesabiwa kwa siku, lakini haiji kila siku. Huja kwa mkupuo, na njaa haiusubiri ule wa kwanza. Nilikuja na fedha ya kula wiki tano iliyotokana na mauzo ya mgahawa wa mama, na nauli ya kurudia Kigoma niliishonea ndani ya mto. Sikuigusa hadi Julai.

Jambo moja hakuna aliyenionya, hata dada wa Kasulu. Kwetu ni jirani na Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, nami nimekua bila kumwona sokwe hata mmoja kwa karibu. Mlimani, wiki ya pili, tumbili aliingia dirishani juu ya kitanda changu, akakaa kwenye mto wenye nauli yangu, akanitazama kama mwenye chumba, akaondoka na mkate mzima. Tangu siku hiyo nilifunga dirisha kila nilipotoka, hata kwenye joto.

Julai nilirudisha funguo, nikaonyesha zile picha za Novemba kuhusu mlango wa kabati uliokuwa umelegea tangu mwanzo, na nikarudi nyumbani kwa treni. Siku hizi nafundisha hapa hapa Kigoma, na kila matokeo ya udahili yanapotoka hukosi mzazi mmoja au wawili uani kwetu. Wa mwisho alikuwa jirani yetu, ambaye binti yake alikuwa ameomba chumba siku ile ile aliyochaguliwa. Nilimpa binti huyo lile tranka langu. Mama yake akaja jioni na dumu la lita tano mkononi, akitafuta pa kuliweka. Nikalifungua tranka, nikamwonyesha doa.