Siku ya Kwanza ya Taamuli Ashramuni Neyyar Dam, Saa kwa Saa

Ashramu ya Sivananda, makao ya kujifunza yoga na taamuli (kutuliza akili kwa kukaa kimya), iko Neyyar Dam, jimbo la Kerala, kusini mwa India, kilomita 30 hivi kutoka Thiruvananthapuram, kando ya ziwa lililofanywa na bwawa. Swami Vishnudevananda aliianzisha mwaka 1978. Mwalimu wake, Swami Sivananda, alikuwa daktari wa hospitali katika nchi iliyoitwa Malaya, sasa sehemu ya Malaysia, kabla ya kuhamia Rishikesh, kaskazini mwa India. Wengi wanaobeba begi mgongoni hufika hapa wakidhani watakaa kimya kutwa. Kimya chenyewe ni nusu saa asubuhi na nusu saa usiku. Saa nyingine zote zimepangwa ili nusu saa hizo ziwezekane, na anayeruka sehemu moja ya ratiba huja kuilipa mkekani.

Saa 11:20 alfajiri

Kengele. Nje bado giza. Kwenye ubao wa ratiba imeandikwa 5:20, maana India saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kuna hesabu nyingine ambayo wanaotoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala huisahau: India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Kwa mwili uliotua jana, kengele hii imelia saa tisa kasoro dakika kumi za usiku. Kusinzia kwenye kikao cha kwanza si uvivu. Fika Kerala siku mbili tatu mapema ulale vizuri, ndipo upande basi la Neyyar Dam.

Oga hata kama maji ni ya baridi. Vaa nguo pana inayofunika mabega na magoti, jipake dawa ya mbu kwenye vifundo vya miguu, chukua tochi na kikoi. Kikoi kina kazi kubwa leo.

Saa 12:00 asubuhi

Satsangi, yaani kikao cha pamoja. Kinaanza kwa nusu saa ya kimya, na hapa ndipo wageni wengi huharibu. Mgeni hukaa sakafuni kwenye mkeka mtupu, anakunja miguu kama alivyoona kwenye picha, magoti yanabaki juu kuliko nyonga. Mgongo unapinda wenyewe. Baada ya robo saa hivi kiuno kinauma, kisha mguu unakufa ganzi, na kikao chote kinageuka vita na mguu.

Dawa yake ni kimo. Kunja blanketi, weka kikoi juu yake, mpaka upate sentimita 10 hadi 15. Kalia ukingo wa mbele tu, si katikati, ili nyonga iiname kidogo mbele na magoti yashuke chini yake. Goti ambalo bado linaning'inia hewani liwekee nguo chini. Hakuna haja ya kukunja miguu mmoja juu ya mwingine. Weka mguu mmoja mbele ya mwenzake, yote miwili ikilala sakafuni. Anayeshindwa hata hivyo akae kwenye kiti, nyayo zikikanyaga chini sawasawa. Taamuli haipungui kwa sababu ya kiti.

Ganzi hutokana zaidi na kubanwa kwa mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya paja na ubavuni mwa goti. Ikikushika, nyoosha mguu polepole bila kelele, hakuna atakayekukaripia. Kosa kubwa ni kusimama haraka kikao kikiisha. Unyayo uliokufa ganzi haujui ulipokanyaga, na kifundo hutegukia hapo. Subiri kwanza hisia ya kutambaliwa na sisimizi ipite. Maumivu makali ndani ya goti lenyewe ni jambo jingine kabisa: goti linasokotwa kwa sababu nyonga imekaza. Hayo usiyavumilie, badilisha mkao papo hapo.

Mwili ukishatulia, anza na pumzi. Dakika tano za mwanzo vuta pumzi ndefu za tumboni, tumbo likitoka unapovuta na kuingia unapotoa. Halafu zipunguze ziwe na mwendo mmoja: sekunde tatu kuvuta, sekunde tatu kutoa. Chagua mahali pa kuweka akili, katikati ya nyusi au kifuani penye moyo, na usihamehame. Wanaofuata mafundisho ya hapa hutamka *Om*, neno takatifu la Kihindu, moyoni kwa kila pumzi. Ambaye dini yake haimruhusu ahesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha aanze upya.

Akili itaruka. Itakwenda kwenye nauli, kwenye ujumbe usiojibiwa, kwenye harufu ya jikoni. Kwa mafundisho ya Vishnudevananda mwenyewe, mwanzoni iachwe izurure kidogo, kwani ukiilazimisha inazidi kuruka. Kazi yote ni ule wakati unapogundua kwamba hesabu imepotea, ukarudi kwenye moja. Atakayerudi mara arobaini ndani ya nusu saa amefanya zoezi mara arobaini. Anayengoja kuona mwanga au kusikia sauti ndiye anayetoka amechoka.

Kimya kikiisha huja nyimbo za Kisanskriti kwa kinanda cha mkono, ngoma na matoazi, halafu mawaidha mafupi, na mwisho *arati*: taa inazungushwa mbele ya picha na sanamu, kisha watu wanagawiwa kitu cha kula kilichotolewa sadaka. Hii ni ibada ya Kihindu, na kuhudhuria vikao ni sharti la kukaa hapa. Mwislamu au Mkristo aamue hilo kabla ya kukata tiketi. Wapo wanaokaa nyuma kwa adabu, hawaimbi wala hawapokei, lakini ambaye hilo litamkera moyo atafute mahali pengine pa kujifunzia.

Saa 1:30 asubuhi

Chai tu. Mlo bado.

Saa 2:00 asubuhi

Darasa la mazoezi ya yoga, linalochukua karibu saa mbili nzima. Linaanza na pumzi. *Kapalabhati* ni kutoa pumzi kwa nguvu kwa kukaza tumbo, ikijirudia ndani yenyewe. Mgeni aanze na mikupuo 20 hivi kwa duru, duru tatu. Kizunguzungu kikija, umevuta hewa kwa nguvu badala ya kuiacha iingie yenyewe. Acha, pumua kawaida. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu wasiifanye. Kisha *anuloma viloma*, pumzi ya pua moja moja: kuvuta kwa hesabu ya 4, kuzuia 16, kutoa 8. Mgeni asizuie hadi 16 siku ya kwanza. Azuie kadiri anavyoweza kutoa polepole bila kutweta.

Baadaye mikao 12 ya msingi, kuanzia kusimama kwa kichwa. Mwenye presha ya macho au shingo mbovu aseme mapema. Usikimbie dakika za mwisho za kulala chali, maana hapo ndipo nyonga zinapolegea, na nyonga hizo utazihitaji saa mbili usiku.

Saa 4:00 asubuhi

Mlo wa kwanza. Mtu wa pwani atajisikia nyumbani: watu wamekaa chini kwa safu, wanakula kwa mkono wa kulia. Sahani ni za chuma. Mhudumu anapita na ndoo na upawa, anamimina wali, dengu, mboga yenye nazi iliyokunwa. Hakuna nyama, samaki wala yai. Vitunguu na vitunguu saumu pia havipo, kwa kuwa mafundisho ya hapa huviona kama vichangamshi vya akili. Wanakula kimya. Ukitaka kidogo, wahi kuweka kiganja juu ya sahani kabla upawa haujainama.

Njaa humfanya mgeni ajaze tumbo, kisha anasinzia mchana kutwa. Mzoefu wa kahawa naye huamka siku ya pili na kichwa kikigonga. Apunguze wiki moja kabla ya safari.

Saa 5:00 asubuhi

Karma yoga, kazi ya kujitolea: kufagia, kukata mboga, kusafisha vyoo. Omba ufagio. Kiuno kinapokunjuka baada ya vikao viwili sakafuni, utaelewa kwa nini kazi hii iko katikati ya siku.

Saa 8:00 mchana hadi saa 12:00 jioni

Mhadhara wa falsafa, darasa la pili la mazoezi saa 9:30, kisha chakula cha jioni. Kula nusu ya ulivyokula asubuhi, kwa kuwa kikao kijacho ni baada ya saa mbili na tumbo lililojaa huzuia pumzi ya tumboni.

Saa 2:00 usiku

Nusu saa ya pili ya kimya. Mikeka ni ileile, lakini nyonga zimefunguka na tumbo ni jepesi. Wengi hufika kumi kwa mara ya kwanza hapa. Wengine hutokwa machozi bila kujua sababu, yaache yatoke. Ila mwenye historia ya ugonjwa wa akili azungumze na daktari wake kabla ya safari, kwani kimya kirefu kinaweza kuamsha mengi.

Saa 4:30 usiku

Taa zinazimwa. Kunja kikoi, kiweke pamoja na tochi mahali mkono utakapovipata gizani.