Nilivyopima kama sikio linatofautisha 128, 192 na 320

Hapa Ngamiani, Tanga, anayeleta flashi kujaziwa taarab atakuambia, "Kaka, niwekee za 320, hizo nyingine hazina kitu." Namba hizo ni kilobiti ambazo faili ya MP3 hutumia kila sekunde, na dai hilo linapimika. Inatosha kuwa na laptopu, hedifoni ya waya, na mtu wa pembeni asiyekupendelea. Nimelipima kwa CD na kwa kanda za zamani za taarab ya Tanga, na raundi ya kwanza niliiharibu.

Tuanze na hesabu. CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, kulia na kushoto; jumla kilobiti 1,411 kila sekunde. MP3 ya 128 inabakiza kama sehemu moja kati ya 11. Wimbo wa taarab wa dakika 10 ukiwa WAV, yaani faili isiyobanwa, unakula MB 106. Ukiwa 320 ni MB 24, ukiwa 192 ni MB 14 na ushei, ukiwa 128 hazifiki MB 10. Flashi ya GB 8 inameza nyimbo kama 330 za 320, au 550 za 192. MP3 inategemea udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani nayo, basi ile iliyofunikwa inatupwa au inaandikwa kwa biti chache.

Chanzo kiwe WAV iliyotolewa kwenye CD halisi. Ukichukua wimbo wa 128 ukaugeuza 320, unapata faili nene yenye sauti ileile ya 128, kwa sababu kilichotupwa hakirudi. Hizo 320 za kughushi zimejaa kwenye flashi. Ili kuzikamata, fungua wimbo kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, kisha tazama spektogramu, ile picha ya rangi inayoonyesha sauti kuanzia nene hadi nyembamba: ukiona rangi zote zinakatika ghafla kwenye kilohezi 16 kama ukuta, shuku kwamba ilishapita kwenye 128.

Nilikata vipande vya sekunde 15 hadi 20. Usipime kwa wimbo mzima; sikio husahau upesi, na kufika ubeti wa tatu hukumbuki ule wa kwanza ulisikikaje. Mahali pa kukata pana maana kuliko yote. Udi peke yake au sauti ya mwimbaji bila ala haikamati kosa kirahisi. Tafuta makofi, kayamba, cherewa, au ganuni inayodonolewa kwa kasi. MP3 hufanya kazi kwa mafungu ya sampuli 1,152, yaani milisekunde 26 hivi, na kofi likianguka katikati ya fungu, uchafu wake humwagika kidogo hata kabla ya kofi lenyewe. Hapo kofi linapoteza makali, linakuwa kama limepigwa na mkono wenye unga.

Kwenye Audacity nilishusha ukubwa wa sauti ya kipande kwa desibeli 3 kwanza. Nyimbo zilizojazwa hadi juu zikibanwa hupita kilele na kukwaruza, nawe utadhani umesikia kasoro ya 192 kumbe ni sauti iliyogonga dari. Kisha nilitoa MP3 tatu, 128, 192 na 320, nikazifungua tena na kuzihifadhi zote kama WAV. Sasa faili zote nne zina ukubwa mmoja na aina moja. Kioo cha laptopu hakiwezi kukuchongea ipi ni ipi.

Raundi ya kwanza, nikitakiwa kutambua kwa sikio tu ipi ni 320 na ipi ni WAV ya asili, nilipata 16 kati ya 16. Matokeo mazuri namna hiyo ni ya kutilia shaka, na kweli: ubanaji huongeza kimya mwanzoni mwa faili, kwa LAME, programu ya kubana MP3, ni sampuli 1,105, milisekunde 25. Kila nikihama kutoka WAV ya asili kwenda iliyobanwa mdundo uliruka kidogo, na sikio langu lilikuwa linasikia mruko, si ubora. Dawa yake ni kuvuta picha ya wimbi mpaka uone sampuli moja moja, ukate kimya hicho, ulinganishe kilele cha kofi la kwanza katika faili zote.

Jambo la pili ni kiasi cha sauti. Tofauti ya desibeli moja tu, msikilizaji hasemi "hii kubwa", anasema "hii safi". Ukilinganisha faili, hakikisha wastani wao unakaribiana ndani ya desibeli 0.1. Ukilinganisha vifaa viwili, tuseme simu mbili kwenye amplifaya moja, cheza toni ya hezi 200 na upime volti za AC kwenye nyaya za spika kwa mita; zisipishane zaidi ya asilimia 1. Usitumie toni ya juu sana, maana mita nyingi za bei ndogo hudanganya zikivuka hezi 400.

Jaribio lenyewe nilitumia foobar2000, programu ya kuchezea muziki, na nyongeza yake ya ABX. A ni WAV ya asili, B ni iliyobanwa; hizo unazijua. X ni mojawapo, hujui ipi, sikiliza, taja. Mara 16. Anayebahatisha tu atapata 12 au zaidi kwa nafasi isiyofika 4 katika 100, kwa hiyo 12 niliifanya mpaka. Idadi ipangwe kabla ya kuanza. Ukiacha pale unapoona unashinda, umejipunja mwenyewe. Asiye na laptopu amweke mtu nyuma ya pazia na sarafu ya shilingi 200: Karume ni A, simba ni B. Mtu huyo aandike, asiseme neno, na asionekane uso. Zima feni, na fanya baada ya isha bodaboda zikipungua. Bluetooth iweke kando kabisa, kwa sababu nayo hubana muziki upya njiani.

Kwangu 128 ilianguka wazi kwenye makofi na kayamba: 15 kati ya 16. Kwenye udi, 9, yaani kubahatisha. Kwa 192 makofi yalinipa 10, na 320 ikanipa 7. Wazee walioketi kwenye hedifoni hizo hizo hawakuwa nyuma kwenye makofi, ingawa sauti za juu kabisa ndizo za kwanza kumtoka mtu umri ukienda. Anayejua kofi la kweli linavyolia analifuata hilo, si kilohezi.

Kwenye kanda mambo yanageuka. Kanda iliyorekodiwa redioni, FM yenyewe huishia kilohezi 15, hivyo ukuta wa 128 hauna cha kukata pale juu. Lakini mchakacho wa kanda ni kelele isiyo na mpangilio, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kubana. Inakula biti ambazo zingemwendea mwimbaji, na kwenye 128 inageuka kama maji yanayotokota nyuma ya fidla. Kanda nazibana 192, sishuki hapo. Asili yake naitunza kwa FLAC, ambayo haitupi kitu.

Tofauti kubwa kuliko hizi zote ipo kwenye kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda. Kikiinama kidogo, sauti za juu za taarab nzima zinakufa, na hakuna 320 itakayozifufua. Kisafishe kwanza kwa pamba na spirit, uache kikauke. Cheza kanda ukiwa umeunganisha kulia na kushoto kuwa mono, halafu zungusha skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kichwa, robo mzunguko au pungufu, mpaka "s" za mwimbaji zing'ae kabisa. Tumia bisibisi isiyo na sumaku. Kila kanda ina mahali pake, kwa sababu kila moja ilirekodiwa na mashine tofauti, basi kabla hujaigusa skrubu hiyo tia nukta ya rangi ya kucha kuonyesha ilikokuwa.