Siku Moja Maishani Mwangu: Kwenye Meza ya "Nisome Nini Sasa?"

Saa 1:30 asubuhi

Milango ya maktaba bado imefungwa ila kazi imeshaanza: kumwaga sanduku la kurudishia vitabu. Wanaorudisha vitabu usiku hawajui wanatuachia habari kiasi gani. Kitabu kilichokunjwa pembe ya ukurasa wa thelathini, kisha kuanzia hapo kikawa kipya kabisa, kimeshasema yake. Kilicholegea mgongo hadi ukurasa wa mwisho nacho kimesema. Nakagua, natikisa (leo imedondoka risiti na utepe wa nywele), nasajili kwamba kimerudi, napanga kwenye kitoroli.

Na hicho kitoroli, kwa maoni yangu, ndicho rafu bora ya jengo zima. Wasomaji wazoefu wanalijua hilo, wanakipekua kabla hata sijakisukuma. Wana haki. Kila kitabu kilichomo kimetoka mikononi mwa mtu siku hizi hizi, na hakuna tangazo lililokiweka pale. Ukiingia maktaba hujui pa kuanzia, anzia hapo.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kuazima ni kupiga kura. Nafasi ya rafu ina kikomo, hivyo maktaba nyingi huangalia kitabu kimeazimwa lini mara ya mwisho kabla ya kuamua kibaki au kipishe vipya. Kama kuna riwaya ya zamani unaipenda na hutaki ipotee, usiisifie tu barazani. Iazime.

Saa 2:30

Tumefungua. Wa kwanza ni wasoma magazeti, watu wasio na shida na mtu. Kisha wanafunzi wanaowania meza zilizo karibu na soketi. Kwa nusu saa nzima swali pekee ninaloulizwa ni choo kiko upande gani. Tuendelee.

Saa 3:30

Anakuja baba mmoja wa makamo, ameshika kofia mkononi. "Dada, nipatie kitabu kizuri."

Huwa simwulizi mtu anapenda vitabu vya aina gani. Ukimwuliza hivyo atakutajia vile anavyodhani mtu wa heshima zake anapaswa kuvipenda, utamjazia historia na siasa, naye atavirudisha havijafunguliwa. Nikamwuliza kitabu gani kilimnyima usingizi mara ya mwisho.

Akafikiri. "Kulikuwa na kimoja cha upelelezi. Maiti imeokotwa bandarini."

"Ulitaka kumjua muuaji?"

"Aa, muuaji nilishamjua mapema. Ile bandari yenyewe, dada. Makuli, zile kelele za usiku, meli zimetia nanga nje zinasubiri zamu. Nilikuwa nimo mle mle."

Hapo kazi yangu ikawa nyepesi. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyejipatia jina akifanya kazi Seattle, anasema msomaji huingia kitabuni kwa milango minne: hadithi, wahusika, mandhari na lugha. Kila mtu ana mlango wake mkubwa, na mara nyingi mwenyewe haujui. Baba huyu ni mtu wa mandhari. Ningempa riwaya nyingine ya upelelezi inayoanzia kituo cha polisi na kuishia mahakamani, ingemchosha kufikia sura ya tatu. Ndipo programu za kupendekeza vitabu zinapojikwaa, nyingi zinaona neno "upelelezi" na kukuletea upelelezi hadi uchoke.

Nikampeleka kwanza kwenye riwaya moja ya wavuvi, isiyo na askari hata mmoja. Kisha tukavuka chumba kizima hadi 910.45, mahali ambapo mfumo wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa namba za mada, umeweka safari za baharini na visa vya mabaharia.

"Mbona hizi si hadithi?" akauliza.

"Ni visa vya kweli. Jaribu kurasa mbili."

Akaanza kusoma amesimama. Nikajifanya napanga vitabu vya rafu ya jirani. Ukurasa wa pili ukapita, wa tatu ukapita, akavuta kiti kwa mguu bila kuinua macho. Nikaondoka.

Kawaida yangu ni kumpa mtu vitabu vitatu: kimoja cha karibu na anachokipenda, kingine mbali kidogo, na cha tatu cha kubahatisha tu. Ningekuwa muuza vitabu nisingethubutu hicho cha tatu. Maktaba inaruhusu ujinga wa aina hiyo, na cha tatu ndicho hurudi na maneno mengi.

Saa 5:00

Mwanafunzi anataka kuhusu nyuki. Ameandika "nyuki" kwenye katalogi ya kompyuta, yametoka mambo chungu nzima, pamoja na kitabu cha mashairi. Namwonyesha kitu ambacho ningependa kila mwenye kadi ya maktaba akijue. Usihangaike na matokeo yote. Tafuta kimoja tu kinachokufaa, fungua maelezo yake kamili, shuka hadi chini penye mada. Zile mada zinabonyezeka. Ukibonyeza moja, zinakuja kazi zote ambazo mkutubi amezipa mada hiyo hiyo, hata zile ambazo neno "nyuki" halimo kwenye jina lake.

Kisha namba. Melvil Dewey alipochapisha mfumo wake mwaka 1876 aliligawa somo kwa taaluma, kwa hiyo jambo moja linaweza kuwa na makazi mawili. Ufugaji wa nyuki uko 638, pamoja na kilimo na mifugo. Nyuki kama mdudu yuko 595.79, kwa wanasayansi. Ukisimama rafu moja ukadhani umemaliza, umepata nusu. (Na kwa kuwa nimeugusa mfumo huo: fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima, ya Kijerumani ina 830, sisi Kiswahili tumesukumwa hadi 896.392. Ndiyo sababu mojawapo ya kufurahi kwamba maktaba nyingi zinazitoa riwaya nje ya namba na kuzipanga kwa jina la mwandishi.)

Ukishafika kwenye namba, tazama kushoto na kulia. Halafu geuza kitabu ufungue kurasa za nyuma, kwenye marejeo. Mwandishi amekuorodheshea alivyovisoma yeye. Ukiona jina moja limejirudia kwenye vitabu viwili vitatu, hicho ndicho cha kuazima kinachofuata.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Ninasoma riwaya ambayo kila mtu anaisifu. Nimefika ukurasa wa hamsini na tatu, naifunga kwa amani. Huyo huyo Pearl ana kanuni ya kurasa hamsini: ukizimaliza na kitabu hakijakushika, kiache. Ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye mia, na jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa 30. Mwenye mia anaruhusiwa kuhukumu kwa jalada.

Kuna watu wamekaa miezi bila kusoma chochote kwa sababu tu wamekwama katikati ya kitabu kimoja wanachoona aibu kukiacha. Mimi nawaambia wakirudishe.

Saa 8:30

Bibi na mjukuu wake wa kama miaka tisa. "Huyu hapendi kusoma," bibi ananiambia kabla sijamwamkia vizuri.

"Shikamoo, bibi. Anapenda nini?"

"Kuangalia magari kwenye simu."

Nampeleka mtoto kwenye magari, 629.2. Bibi ananong'ona kwamba hizo ni picha tu. Nami namwambia picha zina maelezo chini, na mtoto anayetaka kujua injini ina silinda ngapi atayasoma bila kushurutishwa. Kuna kipimo cha vidole pia: mtoto afungue ukurasa wowote, ainue kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikisimama kabla ukurasa haujaisha, kitabu ni kigumu kwake kwa sasa. Mjukuu amekijaribu palepale, akapata viwili, akakumbatia kitabu. Nisingekifanya kipimo hicho kuwa amri, maana mtoto anayeyataka magari kwa dhati atapambana hata na vidole saba.

Kumbe bibi naye alikuwa na lake. Anasoma sana, ila macho yamepungua na ameona haya kusema. Nimemwonyesha vitabu vya maandishi makubwa, kisha vya kusikiliza. Amechukua aina zote mbili, akamwambia mjukuu abebe.

Saa 10:00 jioni

Saa ya vitabu visivyopo. Kile kinachozungumzwa na kila mtu kimeazimwa, na foleni yake ni ndefu. Hata cha kielektroniki kina foleni, jambo linalowaudhi watu kweli kweli: kwa nini faili lisubiriwe? Kwa sababu leseni nyingi za wachapishaji huruhusu msomaji mmoja kwa kila nakala iliyonunuliwa, kama vile ni karatasi.

Ushauri wangu, ingia kwenye foleni hata iwe ndefu namna gani, kwa kuwa maktaba hutazama urefu wake inapoamua kuongeza nakala. Huku ukisubiri, azima kitabu cha zamani cha mwandishi yule yule. Kinachogombewa ni kipya. Vile alivyoandika kabla hajajulikana mara nyingi vimekaa rafuni vinakutazama, na mara nyingine ndivyo bora.

Na kama hatunacho kabisa, ulizia kama tunaweza kukiazima kwa maktaba nyingine, au jaza fomu ya kupendekeza kinunuliwe. Niletee ISBN ukiweza, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Kitabu kilichotoka kuanzia 2007 kina ISBN ya tarakimu 13, cha kabla ya hapo, kama kina ISBN, kwa kawaida kina 10, na kwa namba hiyo hatutabishana kuhusu tahajia ya jina la mwandishi.

Saa 11:30

Mama mmoja amefika tukiwa tunazima kompyuta za upande wa pili. Anatafuta kitabu alichosoma utotoni, hajui jina wala mwandishi. "Jalada lilikuwa la kijani," anasema.

Rangi ya jalada haisaidii sana, hubadilika kila kinapochapwa upya. Ninachouliza ni alikisoma mwaka gani hivi, akiwa darasa la ngapi, kilikuwa cha shuleni au cha nyumbani, kilikuwa na picha, nani alikufa, kiliishaje. Watu husahau jina lakini hukumbuka aliyekufa. Majibu yake nimeyageuza kuwa mada, nikaikaza katalogi kwa miaka na kwa vitabu vya watoto. Vimetoka vinne. Viwili si vyenyewe, kimoja kimepotea rafuni, cha nne ameshika jalada, akakisoma mwanzo, akatikisa kichwa polepole: "Kinafanana, lakini si chenyewe."

Nimeandika kila kitu daftarini ili kesho niwaulize wenzangu wa zamu ya asubuhi, wana kumbukumbu kuliko mashine. Ni hadithi ya mapacha wa kike wanaolelewa na shangazi. Mmoja anazika barua chini ya mti ili mwenzake asizisome, na mvua inazifukua. Mbwa anakufa, shangazi haolewi. Kama unakijua, niambie jina lake.