Nilivyompata baba yake bibi, kuli wa stima za Mississippi

Aliyeniambia nianze na orodha za wafanyakazi wa meli, popote alipo Mungu anamwona. Miezi minne yangu kaila yeye.

Iko hivi. Mimi mtu wa Kigoma, mke wangu Mmarekani mweusi wa huku huku Missouri. Mama mkwe kila tukikaa anasimulia baba yake bibi yake, alikuwa anapakia mizigo kwenye stima za St. Louis mpaka New Orleans, basi, hadithi inaishia hapo. Nikajitia kimbelembele, nikasema mama niachie mimi. Majina siyaweki hapa, wakwe wanasoma kila kitu.

Kwenye hizo stima utakuta habari za chombo mpaka unachoka. Mwaka 1870 Robert E. Lee na Natchez zilishindana kutoka New Orleans mpaka St. Louis, Lee ikafika kwa siku 3, saa 18 na dakika 14, yaani mpaka dakika wameandika! Manahodha wanajulikana, marubani wanajulikana. Sasa yule aliyekuwa anabeba marobota ya pamba na kuni usiku kucha, jina lake liko wapi? Nikatafuta, nikalipa na "mtaalamu" mmoja kama dola mia mbili hivi, naye akanirudishia picha za meli. Nzuri kweli, lakini picha za meli.

Halafu nikampata. Nilidhani nimempata. Kitabu cha anwani za wakazi wa St. Louis, vile walivyokuwa wanachapisha kila baada ya muda mfupi, jina la kwanza lile lile, la ukoo lile lile, kazi ya boti. Nilipiga kelele mpaka mtoto akaamka. Bahati mbaya mkusanyiko wa ukoo ulikuwa umebaki wiki tatu, nikachapisha tisheti thelathini zenye jina la mzee, picha ya stima na mtaa aliokaa, mia tatu na ushee ikaondoka. Siku yenyewe watu wamevaa, nyama ziko kwenye moto, mimi nimeshika kipaza sauti najieleza kama profesa. Shangazi mmoja wa mke wangu, mwalimu mstaafu, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwenye sensa umemwangalia?" Nikamwambia bado ila ndiye. Akavaa miwani, akatoa simu, dakika kumi hazijafika akanigeuzia kioo: mtaa ule ule, kazi ile ile, amezaliwa Ireland, na safu ya rangi imeandikwa W. Mzungu! Nimewavalisha watu thelathini Mwairishi wa watu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe vitabu vile miaka mingi mtu mweusi aliwekewa alama pembeni ya jina, mimi nimeona jina halina alama nikapita tu.

Nilichokasirika zaidi ni kwamba mimi ndiye nilitakiwa kujua. Babu yangu mwenyewe alibeba magunia gati la Kigoma, meli ya Liemba ikitia nanga anaitwa, ikiondoka kazi imeisha, analipwa mkononi. Nani aliandika jina lake? Makuli wa Mississippi nao hivyo hivyo, walichukuliwa pale pale ukingoni kwa safari moja. Mtu wa namna hiyo humpati kwenye chombo. Mtafute nyumbani, kwa mke na watoto, wao hawaendi kokote.

Na bibi yake mama mkwe, binti wa huyo kuli, tulikuwa naye muda wote! Missouri vyeti vya vifo kuanzia 1910 wameviweka mtandaoni bure, isipokuwa vya miaka hamsini ya karibuni. Bibi alifariki miaka ya 40, mama mkwe alikuwa mtoto anakumbuka msiba. Cheti kikafunguka: jina la baba, amezaliwa Kentucky, jina la mama na ukoo wake kabla hajaolewa. Bure kabisa.

Nikaingia sensa ya 1880, maana hiyo ndiyo ya kwanza kuandika kila mtu ni nani kwa mkuu wa nyumba. Hayupo. Nikajaribu tahajia zote, hayupo. Usiku mmoja nikakumbuka hospitali moja huku walivyoniandika jina langu mpaka sikuitika nilipoitwa, nikasema ngoja. Nikafuta jina la ukoo kabisa, nikaacha wazi, nikaweka jina la kwanza la mke, la kwanza la bibi akiwa na miaka miwili, mume mzaliwa wa Kentucky, St. Louis. Wakatoka watatu, wa pili ndio wao! Mwandiko wa zamani L kubwa na S kubwa ni mapacha, aliyeingiza kwenye kompyuta kasoma S. Mke anafulia watu nguo, mume anafanya kazi kwenye stima. Kwa hiyo index, yaani ile orodha ya majina ya kutafutia kwenye kompyuta, ikikunyima usiiamini, fungua picha ya ukurasa wenyewe, na angalia majirani, mama yake mke alikuwa nyumba ya pili. Ya 1890 usihangaike nayo, karibu yote iliharibika kwa moto wa 1921.

1870 nikampata haraka. Kabla ya hapo ni ukuta, sensa za 1850 na 1860 watumwa wengi wameandikwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye kuwamiliki, kama ng'ombe. Kilichonivusha ni madaftari ya Freedman's Savings Bank, benki ya waliotoka utumwani, ilifunguliwa 1865 ikafa 1874 na akiba za watu. St. Louis ilikuwa na tawi, na mtu akifungua akaunti waliweza kumuuliza mke, watoto, wazazi, ndugu. Tovuti ya kutafuta ukoo ya FamilySearch wanayo, bure. Mzee yumo, amesaini kwa alama ya X, na kwenye nafasi ya mama kuna jina.

Nikampigia mama mkwe nikamsomea. Kimya. Halafu akasema hilo ni jina la kati la bibi, na hakuna aliyewahi kujua limetoka wapi.

Sasa wanataka tisheti mpya. Nimewaambia safari hii shangazi akague kwanza, zile za Mwairishi naoshea gari.