Mshauri wa fedha: kazi yake halisi na namna ya kumlipa

Wengi humwendea mshauri wa fedha na swali moja: pesa niiweke wapi ikue haraka? Mshauri anayeijua kazi yake huliacha hilo mwisho kabisa. Kabla yake kuna mambo manne au matano yasiyo na mvuto wowote, na humo ndimo pesa nyingi huokolewa.

Kikao cha kwanza ni makaratasi matupu. Nenda na taarifa za benki za miezi 12. Mitatu haitoshi, kwani ada, bima ya gari na matengenezo ya nyumba hujificha kwenye miezi ambayo hukuileta. Beba hati za mshahara, mikataba ya mikopo, hati za bima, taarifa ya pensheni, na wosia kama upo. Usisahau mkopo uliomdhamini mtu mwingine. Akishindwa kulipa, mkopeshaji anabisha kwako. Kutokana na hayo mshauri huandaa karatasi mbili: mali zako ukitoa madeni, na kinachoingia dhidi ya kinachotoka. Mpango uliojengwa juu ya matumizi ya kukisia hauchukui muda kuvunjika.

Kisha anapanga nini kitangulie, na hapa ndipo anapostahili malipo yake. Chukua mtu mwenye akiba ya 200,000 inayozaa asilimia 6 kwa mwaka, huku anadaiwa 200,000 kwa riba ya asilimia 24. Akiba inampa 12,000, deni linamla 48,000. Kila mwaka anapoteza 36,000 na bado anajiona mwekaji akiba hodari! Mpangilio wa kawaida ni huu: akiba ndogo ya dharura ya mwezi mmoja hivi, kisha madeni kuanzia lenye riba kubwa, halafu dharura ijazwe hadi ifikie matumizi ya miezi 3 hadi 6, na ndipo uwekezaji wa muda mrefu uanze. Mwenye kipato kisichotabirika aisogeze dharura karibu na miezi 9. Mwajiri akichangia pensheni kwa kiasi unachochangia wewe, mchango huo usiusimamishe hata ukiwa na madeni.

Malengo nayo hutiwa tarakimu. "Nataka kusomesha watoto" haipigiki hesabu. Masomo yanayogharimu milioni 1 leo yatafika kama milioni 2.4 baada ya miaka 15 iwapo bei zitapanda asilimia 6 kila mwaka, na kiasi cha kuweka kila mwezi huanzia kwenye tarakimu hiyo ya pili. Pesa ya kutumika ndani ya miaka mitatu haiendi kwenye hisa, hata soko likinoga vipi, maana likianguka hutakuwa na muda wa kusubiri lipande.

Kwenye bima, kosa la kawaida ni kuikatia simu na televisheni huku kipato kinacholisha nyumba nzima kikiachwa bila kinga. Jingine ni jina la mnufaika, yaani atakayelipwa mwenye hati akifa, ambalo halijaguswa tangu siku ya kwanza kazini, wakati mwenye hati ameoa, ameachana na kuoa tena.

Sasa malipo yake. Kuna anayelipwa kwa saa au kwa mpango mzima, kuna anayekata asilimia ya pesa anazokusimamia, na kuna anayelipwa kamisheni na kampuni ambayo bidhaa yake anakuuzia. Huyu wa tatu huitwa "bure", neno la kuogopa sana. Si lazima awe mwongo, ila hana sababu ya kukwambia ulipe deni kwanza, kwa vile deni likilipwa yeye hapati kitu. Asilimia nayo isikuhadae kwa udogo wake. Milioni 1 ikikua kwa asilimia 7 kwa miaka 30 inakuwa milioni 7.6. Toa asilimia 1 ya ada kila mwaka, unabaki na milioni 5.7. Karibu robo ya pesa imeondoka.

Mwulize, na ajibu kwa maandishi: unalipwa na nani na kiasi gani? Una leseni ya nani, nami niihakiki wapi? Sheria inakulazimisha kutanguliza maslahi yangu? Pesa zangu zitakaa wapi? Jibu la mwisho lisiwe "kwangu". Wateja wa Bernard Madoff, msimamizi wa uwekezaji aliyekamatwa Marekani Desemba 2008 kwa utapeli, walikuwa wakisoma taarifa za akaunti zilizotengenezwa na kampuni yake mwenyewe. Hakukuwa na mtunzaji wa nje ambaye hesabu zake zingepingana naye. Pesa ikae kwenye taasisi nyingine, na taarifa ikufikie moja kwa moja kutoka huko. Anayekuahidi faida ya uhakika, mshukuru kwa muda wake na uondoke.

Si kila mtu anahitaji mshauri wa kudumu. Mwenye mshahara mmoja, deni moja na hana wategemezi anaweza kulipia saa mbili au tatu, akapewa mpango wa kurasa chache na kuutekeleza mwenyewe. Arudi akioa, akipata mtoto, akirithi, akifungua biashara, au ikibaki miaka kumi astaafu.