Kukuza fuwele ya shabu: nilipofikia hadi sasa

Jumamosi. Nimenunua shabu robo kilo kwenye duka la viungo, hii hii ya kutuliza maji ya kisima, nikaitwanga. Kwanza nilitaka kujua maji ya nyuzi 27 yanabeba kiasi gani. Nikachukua mililita 100, nikaongeza gramu tano tano huku nikikoroga. Gramu 15 ziliyeyuka zote. Zilipofika 20, nyingine zikabaki chini hata baada ya nusu saa. Chumvi ya mezani ilifika 35.

Chumvi hiyo ilinichukua jioni nzima. Nilidhani gramu 35 kwenye mililita 100 ni sawa na gramu 350 kwa lita. Nilipoumimina mmumunyo kwenye silinda ya kupimia, ukafika kama 113! Chumvi nayo inachukua nafasi. Ukigawa 35 kwa lita 0.113 unapata gramu 310 hivi kwa lita. Umumunyifu (kiasi kinachoweza kuyeyuka) tunauhesabu kwa maji tuliyoanza nayo, ukolevu (kiasi kilichomo) kwa mmumunyo wote uliopatikana. Tangu shuleni nilikuwa navichanganya hivi viwili, na nimefurahi sana kuiona tofauti kwa macho.

Jumapili. Gramu 40 za shabu, maji mililita 200, nyuzi 60: zimeyeyuka bila shida. Kwa chumvi njia hii ya kuyeyusha kwenye maji moto kisha kupoza haifai, maana hata maji ya nyuzi 100 hubeba kama 39 tu kwa kila mililita 100. Ndiyo maana kwenye mashamba ya chumvi ya pwani huachiwa jua likaushe maji. Shabu ikipoa, kama gramu 30 zitabaki ndani na karibu 10 zitatoka.

Jumatatu. Zimetoka, ila kama mchanga. Chupa ilikaa mbele ya feni ikapoa haraka mno.

Jumanne. Nimechagua punje kubwa kuliko zote, nikaifunga kwa uzi wa nailoni na kuitumbukiza kwenye mmumunyo mpya uliokuwa bado vuguvugu. Baada ya saa moja uzi mtupu. Mmumunyo ulikuwa haujashiba, yaani bado uliweza kuyeyusha shabu zaidi, ukaila mbegu yangu.

Jumatano nikarudia, safari hii baada ya kuusubiri upoe usiku kucha na kuuchuja kwa kitambaa.

Jumatatu ya pili. Gramu 4! Nyuso nane nimezihesabu kwa kidole, mmoja una kovu pale uzi ulipoingia. Nimeirudisha chupani.