Roketi ya karatasi na plaiwudi iliyonipatia cheti cha Ngazi ya Kwanza

Wengi huahirisha jaribio la cheti cha kurusha roketi za hobi zenye mota kubwa wakiamini roketi ya mota kubwa lazima iwe ya faibaglasi. Si lazima. NAR na Tripoli, vyama vya Marekani vinavyotoa vyeti hivi, vinataka roketi uliyoiunda mwenyewe, irushwe kwa mota ya H au I (herufi zinazoonyesha nguvu ya mota), ishuke salama na irudi ikiwa bado inafaa kuruka. Hakuna kimo kilichowekwa. Hilo ndilo lililonipunguzia gharama.

Kiwiliwili nilikitengeneza kwa bomba la karatasi ngumu la kusafirishia ramani. Pua niliichapa kwa printa ya 3D. Ganda la mota, ambalo ni la alumini na hutumika tena na tena, niliazima kwa mwenzangu. Nikanunua fueli tu.

Muda wangu mwingi uliishia kwenye mapezi. Niliyakata kwa plaiwudi, kisha nikachana bomba ili mashina yake yapenye hadi bomba la ndani linaloshika mota. Pezi lililobandikwa kwa nje tu linashikilia ngozi ya karatasi, na karatasi huchunika. Kila kona niliijaza epoksi nzito, nikapitisha kidole chenye glavu iliyolowa spiriti mpaka gundi ikawa mfereji laini usio na kiputo. Nikaiacha ikauke roketi ikiwa imelala, ndipo nikaigeuza upande mwingine.

Pesa sikuibana kwenye kamba ya parachuti. Nilinunua ya kevla, uzi mgumu unaostahimili moto wa baruti inayoisukuma parachuti nje, ndefu zaidi ya mara tatu ya roketi. Parachuti yenyewe nilishona kwa nailoni: kwa roketi ya kilo 1.5, kipenyo cha mita moja hivi huiteremsha kwa takriban mita 6 kwa sekunde.

Mahesabu niliyafanya kwa OpenRocket, programu ya bure. Kitovu cha uzito kinapaswa kuwa mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa kwa angalau upana mmoja wa bomba. Sikuridhika na kompyuta peke yake. Niliining'iniza roketi kwa uzi, mota na parachuti zikiwa ndani, nikaona inapokaa mlalo; hapo ndipo kitovu cha uzito kilipo. Programu hiyohiyo ilinipa sekunde za kufika kileleni, nami nikapunguza kicheleweshi cha mota, kinachochelewesha baruti kulipuka, kulingana nazo. Baruti ikilipuka roketi ikiwa bado na kasi, kamba huchana bomba la karatasi kama zipu.

Siku ya kurusha, roketi iliacha reli ya kurushia ikiwa imenyooka, mapezi yametulia, na parachuti ikafunguka karibu kabisa na kilele. Mkaguzi alitikisa kila pezi, akaivuta kamba, akachungulia mdomo wa bomba kama umechanika, kisha akasaini fomu. Jioni hiyo nilianza kuitafutia mota ya I.